Maji ya mama yametoka na ukungu, dada anasema ni mikono yangu

Shikamoo Shangazi,

Naisoma safu yako tangu mama alipoambiwa figo zake zimefika mwisho. Sikufikiri kwamba siku moja nitaandika mimi, lakini nyumbani sasa hapakaliki.

Mama ana miaka 61. Wiki saba zilizopita aliwekewa mrija wa tumbo, wa kuingiza na kutoa maji yanayosafisha damu badala ya figo, na baada ya wiki mbili kidonda kilipokauka tukaanza kubadilisha maji wenyewe nyumbani, mara 4 kwa siku, lita 2 kila mara. Niliyefunzwa ni mimi kwa sababu macho ya mama hayaoni vizuri karibu. Mimi ni mtoto wa mwisho, sina mke, kazi yangu naifanyia nyumbani, basi ikaonekana ninafaa.

Wiki ya tatu mfuko wa asubuhi ulitoka na ukungu. Tulifundishwa kuweka karatasi yenye maandishi nyuma ya mfuko. Sikuweza kusoma hata herufi kubwa. Mama alikuwa na maumivu kidogo ya tumbo, hana homa, anaongea na kucheka kama kawaida. Tukakimbia kliniki na mfuko wenyewe. Maabara wakahesabu seli nyeupe 620 katika maikrolita moja, akaanzishiwa antibiotiki za kuwekwa ndani ya maji. Muuguzi akanitazama, akaniuliza mbele ya dada yangu: "Ulinawa kweli?"

Siku tano baadaye tukaambiwa hakuna kimelea kilichoota. Maji yalikuwa yameanza kung'aa, kisha ukungu ukarudi. Wakachukua sampuli ya pili. Safari hii karatasi imeandikwa eosinofili asilimia 48, na tena hakuna bakteria. Daktari alisema huenda si maambukizi, tumalize dawa, tusubiri majibu ya fangasi, turudi baada ya wiki moja. Foleni ilikuwa ndefu nyuma yetu, sikuuliza zaidi.

Dada yangu mkubwa hataki kusikia habari ya "huenda". Kila akipiga simu ananitupia methali moja, dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu kwake ni mikono yangu. Anataka mama ahamishiwe kwenye mashine ya kusafisha damu hospitalini ili "watu waliosomea" wamshike. Mama hasemi kitu, lakini nimeona anaanza kuniangalia vidole ninapofungua mfuko.

Nanawa mpaka ngozi imepasuka. Wiki hii nimeanza pia kufuta ncha ya mrija kwa spiriti kabla ya kuunganisha, nisimwachie mdudu hata nafasi moja.

Naomba unijibu mambo matatu. Kosa ni langu? Kama hakuna bakteria, kwa nini aendelee na antibiotiki, na maji yakitoka na ukungu tena, si tungoje kwanza siku mbili tuone? Je, dada ana haki kuhusu mashine?

Kitu kingine, sijui kama kina maana: mara nyingine baada ya kuingiza maji mama hulalamika bega la kulia. Dada anasema ni baridi yabisi. Na zamani mama alikuwa na pumu.

Mwanao,
Kitinda Mimba

Marahaba, mwanangu.

Nitakujibu yote, ila la kwanza ni lile ambalo hukuliuliza. Hiyo spiriti acha. Usingoje kesho, acha kuanzia mfuko unaofuata. Ncha ya mrija haifutwi kwa kitu chochote ambacho hukufundishwa, kwa sababu kinachobaki pale kinasukumwa na maji hadi tumboni, na utando wa tumbo, ule unaochuja uchafu wa damu, haujaumbwa kuvumilia dawa za kusafishia ngozi. Povidoni ya ayodini, ile dawa ya kahawia ya kusafishia vidonda, iliyoingia ndani kwa bahati mbaya imewahi kuuwasha utando huo mpaka mfuko ukatoka na ukungu bila bakteria hata mmoja. Klorheksidini, dawa nyingine ya kuua vijidudu, iliyochanganywa na spiriti, ambayo wakati fulani ilitumika kupulizia maungio ya mirija, ilihusishwa na ugonjwa mbaya zaidi: utando kuwa mnene na mgumu hadi ukafunga utumbo kama gunia. Isitoshe, kila unapoigusa ncha ili uifute, umeshaigusa. Mwambie daktari kwamba umefanya hivyo na kwa siku ngapi. Mwambie bila woga, maana anahitaji kulijua hilo ili ayasome majibu ya mama sawasawa.

Sasa tuje kwenye kosa.

Ukungu ule ni seli nyeupe za damu, nyingi kiasi cha kuuzuia mwanga. Zinapofika zaidi ya 100 katika maikrolita moja, kwenye maji yaliyokaa tumboni angalau saa 2, tunasema utando umewaka, yaani umevimba kwa kuudhiwa. Hesabu hiyo haisemi nani kauwasha. Kwa hilo tunauliza seli hizo ni za jamii gani. Bakteria wakiingia, wanaokimbilia pale kwanza ni neutrofili, na kwa kawaida huwa zaidi ya nusu ya seli zote. Eosinofili, jamii nyingine ya seli nyeupe, ni watu wa kazi nyingine. Ndizo tunazozikuta kwa wenye pumu, kwa wenye aleji, kwa wenye minyoo. Zikizidi asilimia 10 kwenye maji ya tumbo, tunaanza kufikiria kuwaka kwa utando kunakotokana na eosinofili, na mama yako ana 48.

Mrija wake una wiki saba. Hali hii hupenda kujitokeza katika wiki na miezi ya mwanzo baada ya mrija kuwekwa, na huwapata zaidi watu wenye historia kama ile uliyoiandika mwishoni kana kwamba haina maana, pumu. Mwili unakutana na vitu vigeni kwa mara ya kwanza: mrija wenyewe, kemikali za plastiki ya mifuko, mabaki ya kinachotumika kuua vimelea kwenye vifaa, damu kidogo iliyobaki ndani baada ya upasuaji. Na hewa. Watu hucheka nikiwaambia kwamba hewa tupu ya chumbani ikiingia tumboni inaweza kuziita eosinofili, lakini ndivyo ilivyo.

Hapo ndipo lilipo bega la mama. Hewa ikiingia hupanda juu na kukaa chini ya kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo, na mshipa wa fahamu wa kiwambo hupeleka maumivu begani. Si kila bega linalouma lina hewa. Baridi yabisi ipo, na dada yako huenda ana haki. Lakini bega linalouma baada ya kuingiza maji, likatulia, kisha likauma tena baada ya kuingiza, hilo lisemwe kliniki. Nawe jiangalie katika hatua moja: kabla ya kufungua njia ya kwenda tumboni, je, unayaacha maji ya mfuko mpya yapite kwenye mrija na kuanguka kwenye mfuko wa taka kwa muda uleule uliofundishwa? Hatua hiyo huitoa hewa. Aliyetishwa na neno "vimelea" huikimbia bila kujua, anataka aunganishe na kufunga haraka. Omba muuguzi akutazame ukibadilisha mara moja, mwanzo hadi mwisho, huku yeye amenyamaza.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba karatasi uliyonitajia haielekei kwenye mikono michafu. Na hata ingekuwa ni bakteria, bado nisingekuhukumu. Bakteria wengine hutoka kwenye utumbo wa mgonjwa mwenyewe, hasa akifunga choo, au hupita kandokando ya mrija kutoka kwenye ngozi. Vituo vinavyofanya kazi vizuri hujiwekea lengo la kutozidi maambukizi 0.4 kwa mgonjwa kwa mwaka, na si sifuri, kwa sababu wanaoifanya kazi hii wanajua sifuri haipatikani. Lile swali la "ulinawa kweli" nimeliuliza na mimi kwa miaka mingi. Ni swali la lazima. Ila kuna namna ya kuliuliza, na mbele ya dada wa mtu sipo mahali pake.

Swali lako la pili ndilo linalonitia hofu, ngoja nilikalie.

"Hakuna kilichoota" si sawa na "hakuna maambukizi". Bakteria wanaweza kuwepo wasiote kwa sababu mgonjwa alishakunywa antibiotiki kabla ya sampuli, au kwa sababu maji kidogo mno yalipelekwa maabara. Sampuli nzuri huingizwa kwenye chupa zilezile za kuoteshea vimelea vya damu, mililita 5 hadi 10 kila chupa, au mililita 50 huzungushwa kwanza kwenye mashine ili vilivyomo vitue chini. Fangasi wengine huchelewa. Kifua kikuu cha tumboni kinaweza kuchukua wiki kadhaa kuota. Na ugumu wa mama yako ni huu: fangasi nao wanaweza kupandisha eosinofili. Ndiyo maana daktari anasubiri. Hajakosa la kusema.

Kwa hiyo tunaenda kwa kuondoa sababu, moja baada ya nyingine, na wakati tunaondoa mgonjwa yuko chini ya antibiotiki. Bakteria halisi akiachwa siku mbili "tuone", anaweza kuuharibu utando usifae tena kwa kazi hii, na anaweza kuua. Eosinofili zikipewa antibiotiki za siku chache bila haja, hasara ni ndogo zaidi. Mfuko ukitoka na ukungu tena, uhifadhi ulivyo na mwende siku hiyohiyo, hata kama ni wa kumi na hata kama tisa za kwanza hazikuwa na kitu. Usikatishe dawa mwenyewe.

Upande wa pili pia una ukweli wake, na unaweza kumuuliza daktari bila kumvunjia heshima. Antibiotiki zikirefushwa bila sababu huwafungulia fangasi mlango. Muulize kama mama anapewa kinga ya fangasi wakati anatumia dawa hizi, na muulize ni siku gani wataamua kuzisimamisha ikiwa majibu yote yatakuwa safi. Zipo hata taarifa za dawa yenyewe kuuwasha utando: vankomaisini ya kuwekwa tumboni imewahi kufanya hivyo. Majibu yakiwa safi, mara nyingi eosinofili huondoka zenyewe ndani ya wiki kadhaa. Zikikaidi, hutumika dawa za aleji au kozi fupi ya steroidi, na steroidi haianzi kabla fangasi na kifua kikuu havijaondolewa kwenye orodha. Ukiona nyuzinyuzi nyeupe majini, hiyo ni fibrini, protini inayogandisha damu. Inaweza kuziba mrija, na kliniki wanaweza kuongeza heparini, dawa ya kuzuia kuganda, kwenye mfuko. Waoneshe, usisubiri maji yagome kutoka.

Niliposoma barua yako nilikumbuka mwaka 2002. Wagonjwa katika nchi mbalimbali za Ulaya walianza kuleta mifuko yenye ukungu. Maumivu kidogo, homa hakuna au ndogo, maabara haioteshi kitu. Wengi walikuwa wanatumia maji ya ikodekstrini, yale ya kukaa tumboni muda mrefu, ambayo yana sukari kubwa inayotengenezwa kutokana na wanga badala ya glukosi. Maji hayo yalipimwa kiwandani na kufaulu, kwa kuwa kipimo kilitafuta endotoksini, sumu ya jamii moja ya bakteria. Kilichokuwamo kilikuwa kingine: peptidoglikani, vipande vya ukuta wa bakteria anayependa joto na asidi. Bakteria mwenyewe alishakufa, vipande vyake vikabaki, na tumbo likavitambua pale mashine iliposhindwa. Maji yakarudishwa kutoka sokoni. Fikiria ni wangapi kabla ya hapo waliulizwa kama walinawa. Ndiyo sababu nawasumbua watu wote waandike kwenye daftari namba ya bechi ya kila katoni wanayofungua. Anza leo. Mkikutana kliniki wawili au watatu wenye ukungu usio na bakteria na namba ikawa moja, hapo kuna la kuambiwa mtengenezaji.

Kwa kuwa barua hii itasomwa na wengine, niseme haraka na rangi nyingine.

Maji ya pinki au mekundu ni damu, na mililita 2 tu kwenye lita moja zinatosha kuyatia rangi. Kwa wanawake wanaopata hedhi, mara nyingi ni hedhi yenyewe au yai linapotoka, na hurudi kila mwezi kama kalenda. Yakiwa mekundu mazito, au mtu ana kizunguzungu, huo ni mwendo wa hospitali mara moja. Maji meupe kama maziwa, bila maumivu, huku hesabu ya seli iko sawa, huenda ni mafuta ya limfu, ule umajimaji wa mwili unaobeba mafuta kutoka kwenye utumbo. Waulize kuhusu kidonge kipya cha shinikizo la damu, maana baadhi ya vile vinavyozuia kalisi, kama lerkanidipini na manidipini, vina tabia hiyo, na kikibadilishwa maji hung'aa ndani ya siku chache. Trigliseridi, aina ya mafuta, hupimwa kwenye maji hayo ili kuthibitisha. Kama kidonge hakihusiki, daktari atatafuta ugonjwa wa kongosho, ini au limfu, pamoja na saratani.

Wapo pia wanaolala na tumbo kavu, bila maji ya kusafishia ndani. Mfuko wa kwanza baada ya ukavu unaweza kuonekana mzito kwa sababu seli za kawaida zimejikusanya kwenye maji machache. Hapo maabara isishike jumla tu, itazame asilimia ya neutrofili, au maji yaingizwe upya, yakae saa moja au mbili, kisha yapimwe tena. Na yupo jirani anayewaka moto tukaulaumu ukuta wetu: kongosho, kidole tumbo, mfuko wa nyongo. Maumivu makali yanayozidi hali ya maji yenyewe yanahitaji picha ya tumbo.

Narudi kwako. Mashine ni njia nzuri na huenda siku moja mama ataihitaji. Lakini eosinofili za wiki ya saba si sababu ya kumng'oa mrija. Ikithibitika ni fangasi, mrija hutolewa bila kubembelezana, na maambukizi ya bakteria yasiyosikia dawa nayo huuondoa. Mkifika huko, mtaambiwa waziwazi. Kwa sasa mwenye tumbo ni mama, na katika barua yako yote sijaona mahali alipoulizwa anataka nini. Mwulize wewe, mkiwa wawili, si wakati wa kubadilisha maji.

Dada usimjibu kwa methali nyingine. Mwalike miadi ijayo, aingie nawe chumbani, na swali la kwanza alilete yeye kwa daktari: eosinofili ni nini? Akilisikia jibu kwa mdomo wa daktari litakaa. Kisha omba naye afunzwe kubadilisha. Mikono miwili kwa mifuko minne kila siku, bila siku ya kupumzika, ni michache, na ninashuku dada yako anajua hivyo na ndiyo maana anapiga kelele.

Ngozi iliyopasuka nayo ni tatizo, kwani nyufa huhifadhi vijidudu. Nawa kwa muda uliofundishwa, kausha vizuri, paka mafuta ukishamaliza kubadilisha, kamwe si kabla.

Mwamkie mama. Majibu ya fangasi yakitoka, niandikie, hata kwa mstari mmoja.

Shangazi
(muuguzi mstaafu wa kitengo cha figo)